Supavaiza na Kadi Kumi na Tano za Kawangware

Sijui alizaliwa mwaka gani wala watu wake walitoka kilima gani huko Magharibi, na sikuwahi kumuuliza. Kwetu ofisini alikuwa Supavaiza, basi. Hata mkubwa wetu, mtu aliyependa kumwita kila mmoja kwa majina yake matatu, alimwita hivyo hivyo. Nilifanya kazi chini yake karibu miaka minne. Nitalisema jambo moja hapa mapema, ili msomaji asije akanipenda bure: yeye alibeba kosa lililokuwa langu, na mimi nikamwacha alibebe. Kila ninachokumbuka juu yake kinapitia hapo, hata yale ya kuchekesha.

Ofisi yetu ilikuwa Riruta Satellite, nyuma ya duka la unga na mafuta ya taa. Tulitunza orodha ya chanjo za watoto wa kliniki mbili za kanisa, moja Kibera na nyingine Kawangware. Ilikuwa miaka ya themanini, na kompyuta bado ilikuwa kitu cha kuvuliwa viatu. Tulivua kweli. Supavaiza alikuwa ameweka ndara za mpira mlangoni, zile patipati, jozi tatu, na ukizikuta zote zina watu ulingoja nje mpaka mmoja atoke. Mkubwa mwenyewe aliwahi kungoja, mikono nyuma, huku sisi tukijifanya hatumwoni.

Alikuwa mfupi, mnene, na alitembea haraka kuliko watu wembamba wote niliowajua. Alikuja kwa miguu kutoka Kisumu Ndogo, ndani ya Kibera, kila asubuhi, akapita mtaa wa Olympic, akavuka Barabara ya Ngong, viatu vyake vya ofisini vikiwa kwenye mfuko wa plastiki. Akifika aliisalimu mashine kabla ya kutusalimu sisi. "Umeamkaje?" aliiuliza, akiipangusa vumbi kwa kitambaa cha nepi kuukuu. Lakini huyo huyo ndiye aliyetuambia kila wiki, "Hii kitu ni mjinga kabisa. Inafanya vile umeiambia, haifanyi vile ulitaka."

Alikuwa na mambo mengi ya namna hiyo, yasiyopatana. Hakumwazima mtu penseli, hata kwa dakika moja, lakini chakula chake cha mchana alikigawa kwa yeyote aliyeonekana hana. Alitukataza kuongea printa ikichapisha, ati tunaisumbua, kisha yeye mwenyewe akaimba tenzi za kanisani kwa sauti iliyofika mpaka dukani. Simu aliiogopa. Ikilia alinisukuma mimi, "Wewe msichana wa Kitui, ongea na hao watu," na mimi nilikuwa naiogopa kuliko yeye.

Jambo alilolishika kama dini lilikuwa hili: mashine ikilalamika, usiguse, soma kwanza. Sisi vijana tulikuwa na tabia ya kubonyeza na kubonyeza, tukidhani ikichoka itakubali. Yeye alikushika mkono ukiwa hewani. Ulisoma maneno ya mashine kwa sauti, yote, mpaka nukta ya mwisho, kisha ukayaandika kwenye daftari la hesabu lenye miraba lililofungwa kwa uzi pembeni ya meza. Uliandika ulichofanya, mashine ilisema nini, ulidhani ni nini, na mwishowe ilikuwa nini. Ile safu ya tatu ndiyo iliyotuaibisha. "Hata kama ni ujinga yako, andika," alisema. "Ujinga ikiandikwa inakuwa masomo." Makosa yake mwenyewe aliyaandika humo humo, kwa wino ule ule, na alitia jina lake kubwa kuliko sisi.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Niliishi na dada yangu Kawangware, katika chumba cha mabati karibu na soko, na kabla ya kazi hiyo sikuwahi kukutana na mtu aliyeamini kwamba nina akili. Walimu wangu waliamini nina adabu. Supavaiza aliniambia siku ya tatu tu, "Wewe unaweza hii kazi, lakini una haraka ya kuonekana unaweza." Nilisikia ile nusu ya kwanza nikaiacha ya pili. Nilimpenda kwa hiyo nusu, na nampenda mpaka leo.

Sasa habari ya faili. Kadi za Kibera zilianzia namba moja. Za Kawangware zilianzia elfu tisini, ili zisije zikagongana. Kila mtoto aliandikwa kwenye faili mahali pa namba yake, kwa hiyo kati ya mtoto wa mwisho wa Kibera na wa kwanza wa Kawangware palikuwa na pengo kubwa lisilo na mtu. Supavaiza alitufundisha kwa mfano wa ploti ya vyumba vya kupangisha. Chukulia lendilodi, mwenye ploti, ana karatasi yenye vyumba mia, lakini amejenga kumi mwanzoni na kumi mwishoni. Katikati ni nyasi. Namba zipo, vyumba havipo, na mabati hayajanunuliwa. Diski nayo ilifanya hivyo hivyo: pengo liliandikwa kwenye hesabu lakini halikula nafasi.

Shida ilikuja diski ya zamani ilipoanza kulia. Ilitoa sauti nyembamba ya kusaga asubuhi, na kila aliyeisikia alijua haina siku nyingi. Tuliletewa mpya. Tukainakili faili kwa amri ya kawaida, na diski mpya ikajaa kabla hatujafika nusu. Ile amri ilikuwa fundi asiye na busara. Ilipofika kwenye nyasi ilijenga vyumba vyote, ikaviacha vitupu.

Basi Supavaiza akaamua tuandike programu yetu ya kunakili, inayotambua chumba kitupu na kukiruka. Yeye aliandika sehemu kubwa. Mimi alinipa kipande kimoja, kile cha kutazama chumba na kusema kama kina kitu au hakina. Kisha akaandika majaribio. Hayo ndiyo yalikuwa fahari yake. Jaribio lilitengeneza faili ndogo ya uongo yenye maandishi, kisha pengo, kisha maandishi marefu tena, likainakili, halafu likauliza maswali mawili. Je, nakala imekula vyumba sawa na faili ya mwanzo? Je, nakala ina maneno yale yale, herufi kwa herufi, au baiti kwa baiti kama isemavyo mashine? Kwenye diski ya zamani yote yalipita. Alipiga makofi mara moja, akaimba ubeti mzima.

Wiki hiyo hiyo alifiwa na shemeji yake, akasafiri kwenda matanga. Aliniachia kazi ya kurudia majaribio kwenye diski mpya. Akiwa mlangoni, ameshavua patipati, aligeuka. "Ikifeli, usirekebishe. Andika, ningoje."

Yakafeli, yote mawili.

Niliketi mbele ya mashine siku nzima, na nakiri ilikuwa siku tamu. Kufikia saa tisa nilikuwa nimegundua sababu ya lile swali la kwanza. Diski mpya ilipangwa kwa namna nyingine. Chumba chake kimoja kilikuwa na ukubwa wa vyumba vinane vya diski ya zamani. Kwa hiyo hesabu ya vyumba isingeweza kulingana, hata programu ingekuwa malaika. Kosa lilikuwa kwenye jaribio, si kwenye programu. Niliruka kwenye kiti. Nilitamani awepo anione.

Swali la pili, la herufi kwa herufi, nililisoma mara moja tu. Nilijiambia ni maneno hayo hayo ya ukubwa wa vyumba, mama mmoja watoto wawili. Mkubwa alikuwa amesimama mlangoni akiuliza kama tuko tayari, kwa maana ile diski ilikuwa inasaga vibaya. Nikalifuta swali la kwanza. La pili nikalibadilisha, liulize tu kama urefu wa faili mbili ni sawa. Nikalirudia jaribio likapita. Daftarini sikuandika kitu, kwa sababu kama hakuna kilichofeli kuna nini cha kuandika.

Alirudi Jumatatu, macho mekundu kwa safari na kilio.

"Zote zimepita?" aliniuliza.

"Zote, Supavaiza."

"Hata kwa diski mpya?"

"Hata huko. Ilikuwa tu maneno ya ukubwa wa vyumba, nikairekebisha."

Alinitazama kidogo. Nadhani kama asingekuwa na uchovu angefungua jaribio alisome. Badala yake alinigusa bega akasema, "Basi umekuwa mtu." Akaketi, akaandika amri kwa mkono wake mwenyewe, na faili ya watoto wote ikahama. Siku mbili baadaye diski ya zamani ilinyamaza kabisa.

Mwezi haukuisha. Mama mmoja alifika kliniki ya Kawangware na mtoto, muuguzi akatafuta namba yake kwenye orodha tuliyochapisha, akakuta patupu. Tukatazama. Watoto kumi na tano wa kwanza wa Kawangware hawakuwepo. Baada yao wote walikuwepo, sawasawa.

Nilielewa palepale niliposikia ile namba, kabla hata sijafungua programu. Kipande changu kilikuwa kinatazama mwanzo tu wa chumba, kwa kipimo cha diski ya zamani. Kwenye diski ya zamani mwanzo ndio ulikuwa chumba chote. Kwenye diski mpya ilikuwa sawa na kuchungulia mlangoni na kusema hakuna mtu, kumbe watoto kumi na tano wamelala kule ndani. Na lile swali la pili lilikuwa limenipigia kelele jambo hilo hilo, nikaliziba mdomo.

Supavaiza alikuwa amekwenda kliniki kuzungumza na wauguzi. Nilikuwa peke yangu, mchana, na saa nzima mbele yangu. Nikarekebisha ule mstari wangu uliochungulia mlangoni. Nikarudisha swali la pili kama alivyoliandika. Mikono yangu haikukosea hata herufi moja.

Alirudi, akavaa patipati, akaendesha majaribio. Swali la pili likapita. Akaliendesha tena. Akatengeneza faili nyingine ya uongo, na nyingine. Siku tatu alitafuta kosa ambalo mimi nilikuwa nimeliondoa. Alipekua daftari kutafuta kama kuna aliyeandika lolote wiki ile ya matanga, na ukurasa ulikuwa mweupe. Siku ya nne alichukua kalamu, akajaza safu zote nne. Nilichofanya: kuhamisha faili. Mashine ilisema: hakuna. Nilidhani: sawa. Ilikuwa: mkono wangu, nilikuwa nimechoka. Akatia jina lake kubwa.

Ningeweza kusema wakati huo. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, karibu vya kutosha kunusa mafuta ya nywele zake. Nilifungua mdomo, na nikamuuliza kama anataka niende dukani kumletea chochote.

Hatukuwa na nakala nyingine. Diski mpya ndiyo ilikuwa akiba yenyewe. Ila wauguzi walikuwa na daftari la mahudhurio lenye majina ya akina mama na mtaa, bila habari ya sindano, na akina mama walikuwa na kadi zao nyumbani. Supavaiza akasema tutawatafuta mmoja mmoja. Asingeweza kulala akijua kuna mtoto atakayedungwa mara mbili, au mbaya zaidi, atakayekosa ya surua kwa sababu muuguzi anadhani ameshapata. Tulianza siku iliyofuata, yeye mbele na patipati zake kwenye matope ya Kawangware, mimi nyuma na biro.

"Hodi hapa?"

"Karibu. Nyinyi ni watu wa kanjo ya jiji?"

"Hapana mama, sisi ni wa kliniki. Tunaomba kuona kadi ya mtoto."

"Si nyinyi ndio mlimdunga? Sasa mnaniuliza mimi?"

"Tulikuwa tumeandika, tukapoteza. Ni mimi nilipoteza, mama. Nisamehe, unisaidie nikopi."

Alisema hivyo kila mlango. Ni mimi nilipoteza. Wengine walicheka, mmoja alitufokea mbele ya majirani mpaka watu wakajaa, na yeye akasimama akapokea yote, mikono imefungwa tumboni, kisha akaomba kadi tena. Nilinakili sindano kwa mwandiko mzuri kabisa. Mara kumi na nne nilimsikia akiyasema maneno yangu kwa mdomo wake.

Wa kumi na tano hatukumpata. Mlango ulikuwa na kufuli, na jirani aliyekuwa akifua alituambia mama yule alihama na mtoto, hajui kama ni kwenda Kibera au kurudi kwao Machakos. Supavaiza alimtafuta Kibera kwa miezi. Jumapili baada ya ibada alikwenda kanisa moja hadi jingine akiulizia mama mwenye mtoto wa rika lile. Jumatatu nilimtazama usoni akiingia, nikajua hajampata, na mimi nikainama kwenye kazi yangu.

Kisha aliomba atolewe kwenye mashine. Mkubwa alimbembeleza, akakataa. Akapelekwa kliniki ya Kibera kupima watoto uzito. Kiti chake nikapewa mimi, na daftari, na vijana wawili wapya ambao tangu siku ya kwanza waliniita Supavaiza. Niliwaambia wasiniite hivyo. Walidhani ni unyenyekevu.

Njia ya mwongo ni fupi, husema watu. Yangu ilikuwa ndefu kuliko nilivyotaka. Hakuna aliyenishika. Niliendelea kupandishwa cheo. Na kila asubuhi nilipoingia chumba kile kimya, bila mtu wa kuisalimu mashine, nilimtamani mpaka nikaanza kuimba zile tenzi zake mwenyewe, vibaya, nusu ya maneno nimeyasahau.

Baada ya miaka kadhaa nilisikia kwamba hata kliniki ameacha, magoti yanamsumbua. Siku moja ya mapumziko niliamua kwenda kumwambia. Nilishuka Kisumu Ndogo alasiri, nikawauliza akina mama waliouza dagaa wa omena, wakanionyesha. Alikuwa ameketi nje ya mlango wake akichambua maharagwe kwenye ungo. Alikuwa amepungua. Aliponiona aliuweka ungo chini, akainuka kwa shida, akanikumbatia.

"Msichana wa Kitui! Umenenepa. Wanakulisha huko. Kuja ndani, kuja."

Alinipikia chai mwenyewe, akakataa nimsaidie. Aliulizia dada yangu, mkubwa, mashine, kama printa bado inakwamisha karatasi. Kikombe kilikuwa mkononi nilipomwambia. Nilimwambia yote, bila kupunguza: majaribio mawili, yale niliyofuta, ule mstari, ile saa nzima ya mchana nikiwa peke yangu. Nilizungumza nikitazama chai.

Nilipomaliza alifuta mikono kwenye leso yake. Kisha akauliza jambo nisilolitarajia.

"Ile testi ya pili. Ilisema nini, neno kwa neno?"

Nilikuwa nalikumbuka. Sijawahi kulisahau. "Ilisema faili zinatofautiana kuanzia baiti ya elfu sita mia moja arobaini na tano."

Alifumba macho. Kidole chake kilianza kuandika kwenye paja, juu ya leso, namba chini ya namba. Midomo ilikuwa ikisogea. Nilimwona akitoa chumba cha kwanza cha diski mpya, baiti elfu nne na kitu, akibaki na elfu mbili na kitu, akifika katikati kabisa ya chumba cha pili, na nikamwona akielewa. Sura yake ilifunguka. Kwa sekunde moja alikuwa Supavaiza yule wa kupiga makofi.

"Katikati," alisema. "Ilikuwa inatuambia."

"Ndiyo."

"Kwa hivyo mkono yangu haikukosea."

"Haikukosea, mama. Hata kidogo."

Alifumbua macho, akatazama ukuta, si mimi.

"Watoto wa hii ploti walikuwa wanakuja jioni niwafundishe hesabu," alisema polepole. "Walikuwa wanajaa hapa mpaka nje. Niliwafukuza. Niliona kichwa yangu imeanza kuharibika, na mtu wa kichwa hivyo asifundishe mtoto wa mtu. Hao watoto sasa ni wakubwa. Wengine wameacha shule."

Nilisema nisamehe. Nililisema kwa Kiswahili, nikalisema kwa Kikamba ambacho hakukijua, kwa sababu nilikuwa nimeishiwa. Alinyoosha mkono, nikadhani ananishika, kumbe anasogeza sukari karibu nami.

"Kunywa chai yako, isipoe," alisema. "Ukimaliza, uende."

Hakuwa na hasira sautini. Nilikunywa mpaka chini, kwa kuwa sikuthubutu kuacha, nikakiweka kikombe mezani. Alikichukua, akakisuuza, akanipa kisogo. Nikasema kwaheri, akaitikia vizuri.

Kwetu na kwao, mgeni husindikizwa. Hata adui aliyekula kwako unamtoa hatua kumi. Nilipita peke yangu ule ujia mwembamba kati ya nyumba, nikapita akina mama wa omena, nikapanda mpaka reli. Hapo nilisimama, nikageuka kutazama nilikotoka, na nikangoja, nikijiambia ni yale magoti, labda anafunga mlango kwanza ndipo aje.